Siri Inapoingia Darasani

Mapema mwaka 2011, foleni ya magari ya kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ilihesabiwa kwa kilomita. Watu walilala ndani ya mabasi usiku baada ya usiku, wengine wakiwa wagonjwa mahututi, wote wakimfuata mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye Tanzania na Kenya nzima zilimwita Babu. Tiba yake ilikuwa kikombe kimoja cha maji yaliyochemshiwa mizizi ya mti ambao wenyeji huuita mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Babu alisema dawa hiyo alioteshwa na Mungu, na kwamba inaponya kisukari, pumu, saratani na UKIMWI.

Serikali ilituma wataalamu kuichunguza. Jibu lililotangazwa lilikuwa kwamba kikombe kile ni salama kwa binadamu kunywa. Kitaalamu, hilo lilikuwa jibu la swali moja: je, kinadhuru? Kule kwenye foleni lilipokelewa kama jibu la swali jingine kabisa: je, kinaponya? Maswali hayo mawili yako mbali mno. Kazi ya chuo kikuu kinachosomesha tiba asili ni kutoka swali la kwanza hadi la pili bila kuruka hatua, tena kwa namna ambayo mtu mwingine, hata asiyekipenda chuo hicho, anaweza kuirudia na kuikagua.

Kazi hiyo inawakutanisha watu wawili wanaoutaka mti uleule kwa sababu tofauti. Mganga amerithi elimu yake ikiwa siri, na usiri huo ndio unaompa heshima na riziki. Chuo nacho hakina pa kuiweka siri: jambo lisiloandikwa, lisilopimwa na lisilopitiwa na wengine, kwa chuo bado halijajulikana. Mengi yanayosifiwa katika taaluma hii, na mengi yanayolalamikiwa, yanatokana na mkutano huo.

Mkoba na daftari

Mganga wa Tanga, Sumbawanga au Kilifi hakujaza fomu popote ili asome. Alikabidhiwa mkoba na babu, shangazi au mjomba, mara nyingi baada ya miaka ya kubeba vikapu na kuchimba mizizi ya watu wengine. Wapo walioanza kwa kuugua wao wenyewe, ramli ikasema hawatapona mpaka waukubali uganga. Mganga wa namna hii anajua gome la mti upi lichunwe upande wa mashariki tu, mzizi upi usiguswe na chuma, na jani lipi lisichanganywe na jingine. Hayo hamwambii kila anayepita kilingeni, na haoni kwa nini amwambie.

Chuo kilipomwendea, kilibeba daftari. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili katika kitivo chake cha udaktari, Muhimbili. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya mkutano wa Alma-Ata, ambako mataifa yalikubaliana kuhusu huduma ya afya ya msingi na kuwataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushirikishwa. Mwaka 1991 kitengo hicho kilipandishwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS.

Kazi ya miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya miguu zaidi kuliko ya maabara. Watafiti walikwenda mikoani, wakakaa na waganga, wakaandika. Mwaka 1982 na 1983 ilichapishwa, kwa sehemu tatu, orodha ya mimea inayotumika katika tiba za jadi Tanzania. Waandishi wake walitoka Uppsala, Sweden, na Dar es Salaam, mmojawapo akiwa E. N. Mshiu wa kitengo cha Muhimbili, na mwingine Keto Mshigeni, mwanasayansi yuleyule ambaye jina lake haliachani na historia ya kilimo cha mwani nchini. Nairobi walikwisha kutangulia: mwaka 1976 John Kokwaro alitoa kitabu chake cha mimea tiba ya Afrika Mashariki, ambacho hadi leo mwanafunzi wa fani hii hawezi kukikwepa.

Ukizisoma orodha za namna hiyo utaona jina la mmea kwa Kilatini, jina lake kwa lugha ya mahali, sehemu inayotumika, ugonjwa unaotibiwa na jina la mtafiti. Jina la mganga kwa kawaida halimo. Tutalirudia jambo hili, maana deni linaanzia hapo.

Jina la mti halitoshi

Mwanafunzi anayekwenda kilingeni kwa mara ya kwanza hudhani somo la siku hiyo ni dawa. Somo la siku hiyo ni adabu. Anaamkia, anakaa anapoonyeshwa, anaeleza katumwa na nani, anasubiri. Mganga akikubali, huenda wakaingia porini pamoja, na hapo mwanafunzi anafanya jambo ambalo machoni pa mwenyeji wake ni la kushangaza: baada ya kuonyeshwa mti, anakata tawi lenye majani na maua, analibana kati ya magazeti na mbao, na kuandika kijiji, tarehe, mwinuko wa mahali, jina la kienyeji, rangi ya ua na harufu ya gome. Tawi hilo likikauka linapelekwa kwenye hebaria, maktaba ya mimea iliyobanwa, ambako mtaalamu wa botania analilinganisha na mengine na kulipa jina la kisayansi. Bila tawi hilo, utafiti wote utakaofuata hauna miguu. Mtu akija miaka ishirini baadaye na kuuliza ulipima mti gani, utamjibu kwa nini?

Wapo waliolipa kwa figo zao gharama ya kupuuza hatua hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, walianza kuharibikiwa figo mmoja baada ya mwingine. Vidonge walivyopewa vilitakiwa kuwa na mmea wa Kichina, Stephania tetrandra. Uchunguzi ulionyesha kuwa kilichosagwa kilikuwa Aristolochia fangchi, mmea mwingine kabisa wenye asidi inayoua figo, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la ule wa kwanza. Walioathirika walizidi mia moja. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Mahali fulani kati ya shamba na kiwanda, palikosekana mtu wa kulinganisha jani na jani.

Kwetu hatari hiyo iko karibu zaidi kuliko Brussels. Mwarobaini unajulikana kila mtaa, lakini una jamaa yake, mmelia, uliopandwa bustanini na kando ya barabara nyingi, na majani yake yanaweza kumchanganya asiyezoea. Matunda ya mmelia ni sumu. Muuzaji wa mizizi na magome yaliyokwisha kukatwakatwa sokoni hakuachii hata jani la kutazama. Mnunuzi anabaki na neno la muuzaji na rangi ya unga.

Kuloweka si kuchemsha

Mti ukishapata jina, unaingia maabara, na hapa ndipo chuo hukosea mara nyingi kwa kujiona kinajua. Mfano mzuri kuliko yote unatoka China.

Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 mfamasia Tu Youyou, wa taasisi ya tiba ya jadi ya Beijing, alikabidhiwa kuongoza kikundi kimoja. Kikundi chake kilikusanya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga. Mmea mmoja, qinghao, ulionyesha dalili njema, kisha ukapotea: matokeo ya majaribio yaliyofuata yalikuwa dhaifu. Tu akarudi kwenye vitabu. Katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, alikuta maelekezo ya kuloweka mmea katika maji, kuukamua na kunywa majimaji yake. Hapakutajwa moto. Akafikiri kwamba huenda joto la maabara lilikuwa likiiharibu dawa yenyewe, akabadili njia na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi. Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote vya malaria katika panya. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Artemisinin iliyopatikana humo ndiyo asili ya dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006, na mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa tiba asili, na wengine kama ushindi wa sayansi juu ya tiba asili. Mwanafunzi makini huisoma vingine. Anaona kwamba kilichookoa utafiti ni kumsikiliza tabibu wa zamani kuhusu namna ya kuandaa, baada ya maabara kudhani kwamba namna ya kuandaa ni jambo dogo. Mganga akisema "loweka usiku kucha", naye mtafiti akachemsha dakika kumi kwa kuwa ndivyo mtambo wake ulivyozoea, atakuwa amepima dawa ambayo mganga hakuwahi kumpa mtu yeyote. Akitoka hapo akatangaza kwamba dawa ya mganga haifai, atakuwa anasema uongo kwa takwimu.

Ila mwanafunzi huyohuyo anaona upande wa pili. Chai ya majani ya qinghao, inayonyweka leo katika nchi nyingi za Afrika, haina kipimo kinachojulikana. Kiasi cha artemisinin hutofautiana kwa mbegu, udongo, msimu wa kuvuna na jinsi jani lilivyokaushwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, kwa hofu mbili: mgonjwa anaweza kupata dawa pungufu, na vimelea vinavyoonjeshwa dawa pungufu vinaweza kujifunza kuistahimili. Mwaka 2020, ilipotoka Madagascar dawa ya maji ya korona iliyotokana na mmea huo, na Tanzania ikatuma ndege kuichukua, swali lilikuwa lilelile la Samunge. Ilikwisha kuitwa tiba kabla haijajaribiwa ipasavyo.

Mganga hajigangi

Majaribio ya chuo yana ngazi, na ngazi ya chini kabisa ni ya unyenyekevu. Maabara ya Muhimbili, kama nyingine nyingi zenye bajeti ndogo, imetumia sana uduvi wa maji ya chumvi. Mayai yake makavu huanguliwa katika maji ya bahari, vijiuduvi vikahesabiwa kumi kumi kwenye vichupa vyenye viwango tofauti vya dondoo la mmea. Baada ya saa 24 vinahesabiwa vilivyokufa. Kipimo hiki ni rahisi, hakihitaji mtambo wa mamilioni, na kinatoa onyo la mapema: dondoo linaloua uduvi kwa kiwango kidogo lina kitu chenye nguvu ndani yake, pengine dawa, pengine sumu, pengine vyote viwili.

Baada ya uduvi huja bakteria na fangasi kwenye visahani, kisha panya wanaopewa dozi kubwa na kuchunguzwa ini na figo. Mimea mingi inaishia hapa. Dondoo linaloua vijidudu kwenye kisahani linaweza kushindwa kabisa tumboni, ama kwa kuwa linavunjwa na ini kabla ya kufika linakotakiwa, ama kwa kuwa ingebidi mtu anywe ndoo nzima ili kupata kiasi kile. Magazeti hayana subira na hatua hii. Mara nyingi kichwa cha habari "mti watibu saratani" kinahusu kisahani tu.

Ngazi ya juu ni binadamu, na humo mna sheria ambayo Waswahili waliitunga zamani katika methali: mganga hajigangi. Aliyetengeneza dawa ana hamu ifanye kazi. Aliyeinywa kwa matumaini ana hamu apone. Na maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kwa mganga siku hali yake ni mbaya kuliko zote, na siku mbaya kuliko zote mara nyingi hufuatwa na siku iliyo afadhali, hata akinywa maji matupu. Kwa hiyo wagonjwa wanagawanywa kwa kura: kundi moja linapata dawa inayochunguzwa, jingine linapata tiba iliyozoeleka au kitu kinachofanana na dawa lakini hakina kitu. Mgonjwa hajui yuko kundi gani, na anayempima pia hajui. Kamati ya maadili, ambayo kitaifa nchini Tanzania iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hukagua mpango mzima kabla mtu wa kwanza hajaguswa. Haitaruhusu, kwa mfano, mwenye virusi vya UKIMWI aachishwe ARV ili ionekane kama mzizi unatosha.

Ukikosa kundi la kulinganisha, hata matokeo mazuri hayasimami. Ghana, mizizi ya Cryptolepis sanguinolenta, inayotumiwa na waganga kwa homa, ilitengenezwa kuwa chai ya vifuko na kujaribiwa kwa wagonjwa wa malaria wasiofika hamsini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa ya kutia moyo, wengi walipona. Lakini wote walipewa chai ileile. Utafiti huo ni mlango uliofunguliwa, na anayetaka kuuingia anahitaji fedha za jaribio kubwa zaidi. Fedha hizo ndizo adimu, kwa kuwa kampuni hazioni faida katika mzizi ambao kila mtu anaweza kuuchimba.

Wanaosomea kutibu

Hadi hapa tumezungumzia chuo kinachochunguza. Kuna vyuo vilivyokwenda mbele zaidi na kusomesha watu watakaotibu.

Ghana ilianza na mtu mmoja. Oku Ampofo, daktari aliyesomea Edinburgh na mchongaji mashuhuri wa sanamu, alitumia miaka mingi kukusanya tiba za waganga wa kwao, na mwaka 1975 kikaanzishwa Mampong kituo cha utafiti wa mimea tiba chini ya uongozi wake. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Kwame Nkrumah, Kumasi, kikafungua shahada ya kwanza ya tiba ya mitishamba. Mwanafunzi husoma anatomia, fiziolojia, magonjwa na famakolojia pamoja na botania na maandalizi ya dawa, kisha anakwenda mafunzo ya vitendo. Kuanzia miaka ya 2010, wizara ya afya ilianza kufungua vitengo vya mitishamba ndani ya baadhi ya hospitali za serikali.

Utaratibu wa vitengo hivyo unafundisha kuliko kauli mbiu yoyote. Mgonjwa mwenye homa akimchagua tabibu wa mitishamba, tabibu huyo hampigii ramli. Anamwandikia kipimo cha damu katika maabara ileile inayotumiwa na daktari wa chumba cha jirani. Dawa anayotoa ni ile iliyosajiliwa, ikiwa na jina na dozi. Asipoiweza hali, anampa rufaa. Vikwazo navyo ni vya kawaida vya hospitali: bima ya taifa haikulipia dawa za mitishamba, hivyo mwenye kadi alimkwepa tabibu ambaye angemgharimu fedha taslimu. Shahada bila nafasi katika mfumo wa malipo humwacha mhitimu mlangoni.

Njia nyingine ni ya Chuo Kikuu cha Western Cape, Bellville, pembeni mwa Cape Town. Shule yake ya tiba asilia imesomesha fani nne: tiba ya Kichina na sindano zake, tiba ya asilia ya Ulaya, tiba ya mimea, na tiba ya Yunani ambayo Waislamu waliirithi kutoka kwa Wagiriki, wakaikuza kupitia vitabu kama Qanun ya Ibn Sina, iliyokamilika mwaka 1025. Hii ya mwisho si ngeni pwani yetu. Bibi wa Lamu au Unguja anayesema kikohozi hiki ni cha baridi, mpeni tangawizi na mdalasini, wala msimpe maji ya dafu, anazungumza elimu ileile ya moto na baridi, ukavu na unyevu, hata kama hajawahi kusikia jina la Ibn Sina.

Pana jambo la kuuma katika orodha hiyo. Mchina, Mgiriki, Mwarabu na Mjerumani walipata viti darasani. Mganga wa Kixhosa wa mtaa wa jirani hakuwa na fani yake humo, na sheria inayomhusu, ya mwaka 2007, ni nyingine kabisa. Chuo huona wepesi kupokea tiba iliyokwisha kuandikwa vitabuni kuliko ile iliyomo vichwani mwa watu walio nje ya geti lake. Tena tiba ya mganga haiishii kwenye mizizi. Kombe la aya lililoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, ngoma ya kumtuliza aliyepandwa na pepo, saa nzima ya kusikilizwa na mtu anayeujua ugomvi wa ukoo wako: hayo hayaingii kwenye kichupa cha uduvi. Chuo kinachukua jani na kuacha mengine yote nyuma, na ni heri kikiri kwamba kimechagua kufanya hivyo, kuliko kudai kwamba kilichoachwa hakikuwa kitu.

Mgonjwa wa mikono miwili

Mahali ambapo elimu hii ina faida ya haraka kuliko zote ni chumba cha daktari wa kawaida. Chukua mazungumzo ambayo hurudiwa kila siku katika kliniki zetu.

"Bibi, mbali na vidonge vya presha, unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana, mjukuu wangu. Situmii."

Anatumia. Kuna chupa ya mizizi chini ya kitanda na kopo la habasoda jikoni. Amekana kwa kuwa mara ya mwisho aliposema kweli alifokewa mbele ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayemfundisha mgonjwa kuficha ni mhudumu wa afya mwenyewe.

Hatari ya ukimya huo imepimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwapa watu wenye afya vidonge vya kitunguu saumu kilichokolezwa pamoja na saquinavir, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na kiwango cha saquinavir kwenye damu kikapungua kwa takribani nusu. Mmea wa Ulaya, Hypericum perforatum, unaotumika kwa sonona, ulifanya vivyo hivyo kwa dawa nyingine ya kundi hilo, indinavir. Kitunguu cha mchuzini ni kingine, na hakuna sababu ya kukikimbia. Lakini dondoo lililokolezwa ni dawa, na dawa mbili katika ini moja zinaweza kugombana.

Mwanafunzi wa udaktari au ufamasia aliyepita katika taasisi ya tiba asili anauliza swali hilo vingine. Anasema: "Bibi, nyumbani kwetu tunatumia mlonge na shubiri. Wewe unatumia nini, ili nisije nikakuongezea dawa isiyopatana nayo?" Chupa ya chini ya kitanda inaletwa kliniki inayofuata. Badiliko hilo halikuhitaji jengo jipya wala mashine.

Deni

Sasa turudi kwenye jina lisilokuwamo katika orodha. Wasan wa Kalahari walitafuna shina la mmea wa hoodia kuzuia njaa na kiu wakiwa mawindoni. Mwaka 1996 baraza la utafiti wa kisayansi la Afrika Kusini lilisajili hataza ya kemikali zake zinazopunguza hamu ya kula, bila kuwashirikisha Wasan, kisha kampuni za Ulaya na Marekani zikaingia. Baada ya malalamiko ya dunia nzima, mwaka 2003 yakafikiwa makubaliano kwamba Wasan wapate asilimia 6 ya mrabaha utakaoingia katika baraza hilo. Lakini biashara kubwa haikuja. Unilever, iliyokuwa imelishika jambo hilo, iliachana nalo mwaka 2008. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, imejaribu kuweka utaratibu: ridhaa kwanza, mgawanyo wa faida uandikwe kabla ya jani kuondoka.

Deni jingine ni la mti wenyewe. Prunus africana huota misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Kilimanjaro na Mlima Kenya. Dondoo la gome lake lilipoingia katika dawa za tezi dume huko Ulaya, mwishoni mwa miaka ya 1960, miti ilichunwa magome pande zote mpaka ikafa, na mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mti uliochunwa upande mmoja huendelea kuishi. Sharti la kuchuna upande wa mashariki tu, ambalo mtafiti aliyetoka mjini huenda aliliandika chini ya kichwa cha "imani", lingeliokoa msitu.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ina Baraza linalosajili waganga, na dawa zao hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa usalama. Tena usalama: swali la kwanza. La pili bado ni la vyuo, nami nadhani vipimwe kwa jambo moja gumu kuliko idadi ya mitambo na shahada. Je, vinathubutu kutangaza kwamba dawa iliyoletwa imeshindwa? Taasisi inayothibitisha kila inacholetewa imegeuka mpiga debe, na mpiga debe hatusaidii kujua basi linakwenda wapi.

Nalo tangazo la namna hiyo lina mtu wa kuambiwa kwanza. Mganga aliyefungua mkoba wake ana haki ya kusikia jibu kabla ya jarida la kisayansi, kwa lugha yake, akiwa ameketi kwake, jibu likiwa zuri au baya. Wengine watakasirika. Mwingine atasikiliza mpaka mwisho, kisha aseme, "Lakini mwanangu, mimi siichemshi." Hapo mtafiti mwenye busara hufungua ukurasa mpya wa daftari, na safari hii anaandika juu yake jina la mganga.